Paka wangu anawamaliza ndege ninaowalisha

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nimetundika kibao cha kulishia ndege nje ya dirisha la jikoni, na kila asubuhi nasimama pale kuwatazama. Tatizo ni paka wangu. Ndani ya wiki 2 ameniletea ndege 3 mlangoni, na wala hana njaa, anakula hadi anasaza. Kengele nimemvika shingoni. Yule ndege wa tatu alikuwa hai, hana hata tone la damu. Nikamweka kwenye boksi apumzike, asubuhi nikamkuta amekufa. Mume wangu anasema hayo ni maumbile ya paka, niyaache. Je, nimwondoe nani, paka au ndege?
*Mwenye Paka Mwindaji*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na huyo wa kwenye boksi, maana naona ndiye aliyekufanya ushike kalamu. Meno ya paka ni kama sindano. Yakimchoma ndege, tundu linafunikwa na manyoya na damu huioni, lakini mdomoni mwa paka mna bakteria waitwao Pasteurella, nao wakiingia kwenye damu ya ndege wanaweza kumuua kwa siku moja au mbili. Kwa hiyo ndege aliyepita mdomoni mwa paka, hata akionekana mzima, apelekwe kwa daktari wa wanyama siku hiyo hiyo, apewe antibiotiki. Boksi ni la kumsafirishia tu. Mimi nami nilishawapumzisha hivyo hivyo kadhaa, mpaka daktari mmoja aliponikemea.

Mumeo kuhusu maumbile hajakosea. Paka aliyeshiba akiona kitu kinarukaruka atakirukia tu. Lakini kibao kile hakikuota chenyewe pale dirishani. Ndege umewaita wewe, mahali pale pale, saa zile zile, na paka naye kashaijua ratiba. Tena usihesabu hao 3 tu. Kuna watafiti Marekani waliowafunga paka kamera ndogo shingoni, wakakuta kama robo tu ya mawindo ndiyo inayofikishwa nyumbani. Karibu nusu huachwa yalipouawa. (Mengi yalikuwa mijusi na jamaa zake, ambao hakuna anayewaandikia barua.)

Sasa kengele. Panya wa hadithini walikosa wa kumfunga paka kengele. Wewe umemfunga, na bado. Paka anaponyemelea hutembea kama anayepita juu ya mayai, kengele inalia akisharuka, na hapo ndege kachelewa. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walitoa matokeo yao: kengele haikuonyesha tofauti ya maana. Kilichosaidia ni ukosi wa kitambaa chenye rangi kali, uliopunguza ndege walioletwa nyumbani kwa 42%, kwa kuwa ndege wanaona rangi vizuri sana. Anaonekana kichekesho, najua. Hakikisha tu unafunika mkanda unaofunguka wenyewe ukinasa tawini, asije akajinyonga. Chakula chenye nyama nyingi badala ya nafaka kilipunguza mawindo kwa 36%, na kucheza naye dakika 5 hadi 10 kila siku kwa 25%. Mfungie unyoya kwenye kamba, umburuzie, na umwache aukamate mwishoni, la sivyo atanuna.

Kibao nacho kihamishe. Kiweke mita 2 au zaidi kutoka kwenye kichaka chochote anachoweza kujibanza, juu ya mlingoti mwembamba wa chuma usiopandika, na ufagie chembe zinazodondoka, kwani anayeliwa kirahisi ni yule anayedonoa chini. Alfajiri na magharibi paka akae ndani. Msimu wa makinda wanaojifunza kuruka, akae ndani mchana kutwa.

Ukiyafanya hayo mwezi mzima na bado akaleta, shusha kibao. Ndege watakwenda kula kwingine kama walivyokuwa wakila kabla yako. Kumwondoa paka sikushauri. Wangu ana miaka 11 na hatoki tena bila mimi. Miezi ya kwanza alilia mlangoni hadi nikakaribia kushindwa. Siku hizi hupanda dirishani asubuhi, akawatazama ndege kupitia kioo, taya zikimgongana na mkia ukichapa pazia.