Maswali na Majibu: Kabla Hujakabidhiwa Ofisi ya Mwalimu Mkuu

Swali: Nina shahada na nimefundisha miaka mitatu Nyamagana. Barua ya kuomba ualimu mkuu naipeleka kwa nani?

Jibu: Swali hili hunifikia mara kwa mara, na jibu langu ni lile lile. Jina la mwalimu hupendekezwa na wale wanaoiona kazi yake kila siku, wakiwamo mkuu wake na Afisa Elimu Kata, kabla halijafika kwa wenye mamlaka ya kuteua. Miaka mitatu ni michache. Hakikisha kwanza kwamba wathibiti ubora wa shule, yaani wakaguzi, wakiingia darasani kwako kesho, andalio la somo watalikuta mezani.

Swali: Mtu amenipigia simu akitaka laki tatu ili jina langu liingie kwenye orodha. Nimwamini?

Jibu: Usimtumie hata senti moja, na namba yake ipeleke TAKUKURU leo.

Swali: Mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule ya msingi kisiwani Ukerewe. Ratiba, mitihani na takwimu zote nimeachiwa mimi, lakini cheo sina. Je, nakitumikia bure?

Jibu: Hukitumikii bure, ingawa naelewa uchovu wako. Kinachonitia shaka ni kile ambacho hukukitaja, yaani fedha. Nimewaona walimu hodari wa darasani wakivuliwa madaraka kwa sababu hawakuwahi kufungua leja mpaka siku ya makabidhiano. Mwombe mkuu wako akuonyeshe jinsi ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka inavyogawanywa, sehemu gani huishia kwenye vitabu na sehemu gani hufika shuleni, nani wanaosaini benki, na namna kamati ya shule inavyoidhinisha matumizi. Soma daftari la stoo na mihtasari ya vikao.

Kisha lichukue daftari la mahudhurio, ulisome ukikumbuka mwezi ulivyokuwa angani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, na asubuhi yake kuna mikono midogo inayohitajika ufukweni kuwaanika. Mwalimu anayejua ni majuma yapi watoto hupungua, na akaenda kuzungumza na wazazi mwaloni kabla majuma ya giza hayajaanza, anafanya kazi ya mwalimu mkuu hata kama hajaandikiwa barua.

Swali: Nikisoma ADEM nitateuliwa?

Jibu: Cheti hakiteui mtu. Hata hivyo kasome, kwa kuwa Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ambao wazee tuliujua kwa jina la MANTEP, una kampasi hapa Mwanza na si lazima usafiri hadi Bagamoyo.

Swali: Posho ya madaraka ni kiasi gani?

Jibu: Kwa mwezi ni shilingi 200,000 kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi na 250,000 kwa mkuu wa sekondari. Kama hiyo ndiyo iliyokuvuta, tafadhali baki ulipo.

Swali: Nimeteuliwa kuwa mwalimu mkuu msaidizi huko Sengerema. Wenzangu wananishauri niache vipindi vyangu vya Hisabati. Nifanyeje?

Jibu: Vipunguze, lakini usiviache vyote. Kiongozi aliyeacha kushika chaki huanza kuwadai walimu mambo ambayo yeye mwenyewe amesahau ugumu wake, na walimu huligundua hilo mapema. Naongeza jambo ambalo hukuuliza: kwa mujibu wa kanuni, adhabu ya viboko hutolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, havizidi vinne, na lazima iandikwe. Mimi natamani fimbo iondoke shuleni kabisa. Maadamu ipo, siku utakapokaimu ofisi usikubali itembee mikononi mwa kila mtu, kwa maana mtoto akiumia utakayeulizwa ni wewe. Kuhusu Hisabati, chukua darasa la tatu, kipindi cha kwanza asubuhi, kabla wazazi na wageni hawajaanza kubisha hodi.