Ukitaka kusoma sayansi, teknolojia na jamii, anza na maji ya kwenu

Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, wadogo zangu wa Usa River na Tengeru, huku Arusha, hunitafuta kuulizia shahada niliyosoma: sayansi, teknolojia na jamii. Wengi wametoka PCB (fizikia, kemia na baiolojia) na hawataki udaktari. Wazazi wao wana swali moja tu: ukimaliza, utakuwa nani? Wana haki ya kuuliza.

Masomo haya yanachunguza jinsi maarifa ya sayansi yanavyopatikana, na jinsi mitambo, vipimo na viwango vinavyobadilisha maisha yao. Chuo Kikuu cha Edinburgh kilianzisha kitengo chake mwaka 1966, na University College London ina idara nzima. Utasoma historia, falsafa, sosholojia na sera kwa mpigo, na hapo ndipo wengi wanapopotelea. Ukidonoa kila kitu utatoka na maneno mazito na mikono mitupu. Kwa hiyo shika jambo moja la kiufundi, ulijue kama fundi anavyolijua, na ikiwezekana liwe la nyumbani.

Mimi nilishika floraidi, madini ambayo yakizidi kwenye maji ya kunywa huharibu meno. Sisi tuliokulia chini ya Mlima Meru tunayajua meno ya kahawia tangu shule ya msingi. Floraidi hutoka kwenye miamba ya volkano, inayeyuka kwenye maji bila kuonekana, na kuyachemsha hakuiondoi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4. Meno ya mtoto wa Meru ni yaleyale ya mtoto wa Ulaya, basi kwa nini namba zilipishana? Kemia peke yake haikujibu. Ukikaza kiwango mahali maji yalipo haba, unafunga visima, na watu bado wana kiu.

Dawa mojawapo ni mkaa wa mifupa: mifupa ya ng'ombe inachomwa, inasagwa, inawekwa kwenye chujio, na floraidi inanaswa humo. Nikiwa kwenye utafiti wa mwaka wa mwisho, mama mmoja wa Maji ya Chai alifunua ndoo yake, akachota punje nyeusi kiganjani, akaniuliza, "Mwanangu, hii ni mifupa ya mnyama gani?" Nikamwambia ng'ombe. "Na nani aliyeona?" Mkaa ukishajaa floraidi lazima ubadilishwe, na maji hayabadiliki ladha kukuarifu. Nani atapima? Nani atalipia? Maswali hayo ndiyo shahada yenyewe, na nayapenda mpaka leo.

Kwa hiyo usikimbie takwimu wala maabara. Omba kusoma kozi za kemia au uhandisi wa maji pamoja na wenzako wa huko, hata kama hulazimiki. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iko hapo Tengeru kwa wanaoendelea na uzamili. Ndiko alikofanyia kazi Askwar Hilonga, ambaye chujio lake la maji lilishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi mwaka 2015. Watu wa namna hiyo wanahitaji wenzao wanaojua kwa nini chujio zuri linaachwa jikoni bila kutumika.

Kazi zipo kwenye miradi ya maji na afya, sera, na uandishi wa habari za sayansi, ila tangazo la kazi halitakutaja kwa jina la shahada yako, utaomba kazi kwa ujuzi wako. Na kama unakwenda kusoma nje, ulizia TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kuhusu kutambuliwa kwa chuo hicho kabla mzazi hajauza shamba.