Mpaka ukifunguliwa, nani hucheka na nani hununa?

SWALI: Mhariri, hapa Busia wenye mahindi wanataka mpaka uwe wazi, ila mafundi cherehani wanaomba mitumba ipigwe marufuku. Nani yuko sahihi?
Msomaji, Busia, Uganda

JIBU: Ndugu msomaji, kila mmoja anasema kwa mfuko wake. Hasara humlemea mmoja: fundi aliyepoteza wateja anamjua adui yake, mtumba. Faida hutawanyika, anayeokoa shilingi elfu chache kwenye shati haandamani kuishukuru forodha. Ndiyo maana sauti za wanaopinga husikika zaidi.

Lakini mfuko si yote. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu wa nafaka, na wengi huku wakaona hila ya jirani tu. Kumbe kipimo cha Afrika Mashariki kipo: sumukuvu isizidi sehemu 10 kwa bilioni, unyevu usizidi asilimia 13.5. Mahindi yaliyoanikwa juu ya udongo na kufungwa mabichi huota ukungu ndani ya gunia, hata yakionekana safi kwa nje. Mkulima asipoelezwa hayo, abaki na neno gani zaidi ya "wivu"?

Ukitaka kupima maoni ya soko lenu, gawa watu makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja liulize ukitaja bei nafuu, jingine ukitaja ajira zinazopotea. Usishangae majibu yakipishana: swali lenyewe husukuma jibu, na wanasiasa wanalijua hilo siku nyingi.