Tangi kubwa haliongezi presha

Dada mmoja wa Makorora, Tanga, ameniandikia kwamba bomba lake la mvua linachuruzika tu, na fundi kamshauri aondoe tangi la lita 1,000 aweke la lita 3,000 ili presha ipande. Maswali ya namna hii hayaishi, na jibu halibadiliki: dada yangu, hela hiyo usiitoe.

Presha ya maji inatokana na kimo, si wingi. Kila mita moja kutoka usawa wa maji ndani ya tangi hadi kwenye tundu la bomba inakupa kilopaskali 9.8. Ukitaka kilopaskali 100, karibu sawa na presha ya hewa hapa pwani, unahitaji mita 10 na kidogo. Tangi la lita 3,000 na ndoo ya kufulia, usawa wa maji ukiwa mmoja, vinasukuma sawasawa.

Tuchukue vipimo vyake. Kitako cha tangi kiko mita 3 juu ya sakafu ya bafu, kichwa cha bomba la mvua kiko mita 2. Inabaki mita 1. Tangi lenyewe lina kimo cha mita moja na ushei, kwa hiyo likijaa anapata zaidi ya mita 2, na likikaribia kuisha anarudi kwenye ile 1. Ndiyo sababu asubuhi anaoga vizuri na jioni anasubiri matone. Mnara ukipandishwa hadi mita 6, hata tangi likiwa karibu tupu ana mita 4, yaani presha mara nne. Maji yanayotoka, hata hivyo, huongezeka mara mbili hivi tu, kwa kuwa mwendo wake hufuata kipeuo cha pili cha presha. Watu husahau hesabu hii, wakishajenga wakamlaumu fundi.

Kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji, pima. Kinga ndoo ya lita 10 chini ya bomba la mvua. Ikijaa kwa dakika 2, unapata lita 5 kwa dakika, zinatosha kuoga. Ikichukua dakika 5, fungua kichwa cha bomba upime tena. Maji yakija kwa nguvu, mbaya wako ni chokaa. Maji ya kisima kilichochimbwa kwenye mawe ya chokaa, kama yale ya mapango ya Amboni, huziba vile vitundu taratibu. Loweka kichwa kwenye siki usiku kucha, kisha sugua kwa mswaki wa zamani.

Bado yanachuruzika? Angalia bomba. Mafundi wengi hushusha maji kwa bomba la nusu inchi tangu kwenye tangi ili kupunguza gharama, na hapa ndipo presha inapoliwa. Kwa urefu uleule na presha ileile, bomba la inchi moja hupitisha takriban mara tano ya la nusu inchi. Shusha kwa inchi moja, ingia ndani kwa robo tatu, nusu inchi iwe ya kipande cha mwisho tu. Punguza kona.

Bomba likipanda juu ya ukuta kisha likashuka, hewa hujikusanya pale juu na maji hukatika ingawa tangi limejaa. Funga tii, kile kiungo chenye umbo la T, kwenye sehemu hiyo, toa kibomba chembamba kilicho wazi, mdomo wake upite usawa wa maji ya tangi. Na mfuniko wa tangi usizibwe kabisa. Hewa isipoingia, maji hayatoki.

Kama mnara haujengeki, nunua pampu ndogo ya kuongeza presha, uifunge chini ya usawa wa tangi ili maji yaingie yenyewe. Pampu ya juu ya ardhi haivuti maji kutoka chini zaidi ya mita 7 au 8, hata iwe na nguvu kiasi gani, kwa sababu kinachoyapandisha ni presha ya hewa, na mwisho wake kinadharia ni mita 10.3. Kisima kikizidi hapo, tumia pampu ya kuzamisha. Usiifunge pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaani: presha ikishuka humo, maji ya mtaro hupenya kwenye nyufa yakaingia jikoni kwako na kwa jirani.