Maswali ya wiki: asilimia 90 ya nini?

*Shikamoo mwalimu. Nasoma uhandisi wa programu mwaka wa pili, kwetu Makorora, Tanga. Itazame tovuti yangu ya kuonyesha kazi zangu. Ujuzi wa lugha za kompyuta nimeuchora kwa mistari ya rangi: HTML asilimia 90, Python 75.*

Marahaba. Asilimia 90 ya nini, na nani alikupima? Ifute hiyo mistari leo. Kwenye miradi nimekuta kikokotoo, orodha ya kazi za kutwa na ukurasa wa hali ya hewa, yaleyale ninayoletewa na kila mwanafunzi. Huo wa hali ya hewa ukaniambia London kuna mvua. Hata mji wa yule mwalimu wa YouTube hukuubadilisha!

*Naweza kupata tovuti bila kulipa?*

GitHub Pages, huduma ya bure ya GitHub, ule mtandao wa kuhifadhi msimbo. Mtu asiniulize tena hili mwaka huu.

*Niko Chumbageni. Sina wazo la mradi, nisaidie.*

Bahari iko mlangoni kwako, huna wazo? Nenda soko la samaki la Deep Sea alfajiri ukawasikilize wavuvi: bamvua, maji mafu. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, jua na mwezi huivuta bahari kwa pamoja, maji yakajaa sana na kupwa sana: hiyo ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, yanakuwa mafu. Kutoka mwandamo hadi mwandamo ni wastani wa siku 29.53. Anzia mwandamo wa tarehe 6 Januari 2000, hesabu siku zilizopita, gawanya kwa 29.53, baki itakwambia leo mwezi uko wapi. Mistari 20 ya msimbo inatosha.

Kazi inaanza hapo. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi wenyewe. Maji kujaa husogea kama dakika 50 kila siku. Mvuvi akisema saa tatu, kompyuta inataka 9:00 au 21:00. Usiku wa Ijumaa kwake ni ule wa kuamkia Ijumaa, na kompyuta hubadili siku saa sita usiku. Andika kwenye tovuti yako ulivyoyatatua hayo, na pale mvuvi alipokucheka. Hapo ndipo nitakaposoma. Na sema wazi kuwa ni makadirio, mtu asije akapandisha ngalawa mwambani kwa hesabu zako.

*Niliacha paswedi ya hifadhidata kwenye msimbo nikaupakia GitHub. Nimeshaifuta. Niko salama?*

Hapana. Git, programu ya kutunza msimbo ambayo GitHub inaitumia, alivyoitengeneza Linus Torvalds mwaka 2005 ni kutunza kila toleo, na hilo lenye paswedi limo. Badilisha paswedi kwanza, kusafisha historia baadaye. Halafu nimeona humo majina na namba za simu za wateja wa duka, watu wa kweli. Hukuniuliza, lakini nakuambia: Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Weka majina ya kubuni.

*Niandike kwamba napenda mpira na katuni za Kijapani?*

Andika, mstari mmoja. Kuna mmoja juzi kaniwekea nembo ya timu yake inazunguka.

*Mbona tovuti yangu inachelewa kufunguka? Kwangu nyumbani iko sawa.*

Kwako una Wi-Fi. Hiyo picha yako ya suti ina MB 6, ipunguze ifike KB 100. Niliifungua ndani ya daladala ya Pongwe. Hadi nashuka, ilikuwa ndiyo kwanza imefika kwenye tai.