Hana payslipu, nimpe nyumba?

Fundi wa mawe anataka bedsita yangu ya 7,000. Hana payslipu. Nitajuaje kama ataweza kodi? – Landilodi, Kayole

Payslipu nayo isikupumbaze. Mpangaji aliyenitesa kuliko wote alikuwa na mshahara wa kila mwezi. Mwajiri alipoanza kuuchelewesha, jamaa akaacha kushika simu.

Huyo fundi mwombe taarifa ya M-Pesa ya miezi sita, na ukiweza ihusishe Januari. Njaanuari ndiyo humwanika mtu: karo, madeni ya Krismasi, na wenye kujenga wamekauka mfukoni. Aprili na Mei pia ni miezi ya kuangalia, maana mvua ya masika husimamisha mjengo.

Kisha usipige wastani. Desemba nono huficha Mei kavu. Tafuta mwezi mwembamba kuliko yote. Ikiwa hapo aliingiza 21,000, kodi yako ni theluthi tu, mpe ufunguo. Ikiwa ni 11,000, siku moja itabidi achague kati yako na unga, na unga utashinda.

Ila soma kwa makini. Niliwahi kukaa na fundi mmoja, tukapitia taarifa yake mstari kwa mstari. Jumatatu asubuhi imeingia 42,000. Nikashangaa. Kabla ya saa sita, 40,000 zimekwenda kwa muuza saruji na nondo. Pesa ilikuwa ya mwenye nyumba inayojengwa. Yake ilikuwa zile 2,000 zilizobaki. Pesa inayoingia na kutoka papo hapo, itoe kwenye hesabu.

Je, taarifa hiyo haiwezi kughushiwa? – Msimamizi wa ploti, Zimmerman

Inaweza, tena upesi. Karatasi iliyochapishwa usiipokee. Mwenyewe aiombe kwa *334# mkiwa pamoja, aifungue kwenye simu yake, mwangalie, basi. Ukiona Fuliza (mkopo wa M-Pesa salio lisipotosha) mara moja moja usitishike. Nani Nairobi hajafuliza? Kinachotisha ni mtu anayefuliza kila siku huku pesa zikienda kwenye kamari.

Na usijitumie nakala, wala usiirushe kwenye kundi la WhatsApp la malandilodi wenzako. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na rekodi za pesa za mtu ni siri yake.

Nimtoze amana ya miezi mitatu nijilinde? – Landilodi, Umoja

Utamkamua mtaji wa biashara yake, halafu umlaumu akikosa kodi. Mwezi mmoja unatosha. Anayelipwa kwa siku, mwache alipe kwa wiki: kwa nyumba ya 7,000, 1,750 katika kila moja ya Jumamosi nne za kwanza za mwezi, kwa M-Pesa ili kila mmoja abaki na rekodi. Akiruka Jumamosi mbili utajua mapema, badala ya kungoja tarehe tano.

Nauza mitumba Gikomba. Malandilodi wanne wamenikataa. Nionyeshe nini? – Mama wa wawili, Kariobangi

Pole, mama. Nenda na daftari la chama chako cha kuweka akiba, lile lenye tarehe na sahihi. Mtu aliyetoa mchango kila wiki kwa miaka miwili bila kuruka amejieleza vya kutosha. Beba pia ujumbe wa M-Pesa wa kodi ulizolipa unakoishi, na kama una sacco, taarifa ya akiba.

Toa namba ya landilodi wako wa sasa, na ya yule wa kabla yake. (Nanyi malandilodi, mpigieni huyo wa kabla. Wa sasa anaweza kumsifu mpangaji mkorofi ili amwondokee.)

Akishindwa kulipa, naweza kuongeza kufuli langu au kung'oa mlango? – Landilodi, Githurai

Hapana. Najua hufanywa kila mwezi, mabati yakiezuliwa mchana kweupe, lakini si halali. Kukamata mali kwa deni la kodi kuna sheria yake, Sura ya 293 ya sheria za Kenya, na kazi hiyo ni ya dalali mwenye leseni. Kumtoa mtu kwa nguvu kunahitaji amri ya mahakama. Na kama vyumba vyako ni vile vya kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi, unaangukia pia Sura ya 296, yenye mahakama yake ya kesi za kodi za nyumba. Kabla ya hayo yote, mkalishe chini, mwandike deni na Jumamosi atakazolilipa, kila mmoja atie sahihi.