Kabla ya Kuuliza Bei, Soma Stika: Baiskeli ya Umeme Ilivyonifikisha Mahakamani

Wiki iliyopita mama mmoja Mkenya anayeishi karibu na Minneapolis, jimboni Minnesota, aliniandikia kuniuliza swali ambalo hunijia mara kwa mara tangu nilipoanza kuandika kuhusu maisha ya barabarani huku Marekani. Amemnunulia mwanawe wa miaka 14 baiskeli ya umeme ya kwendea shule, na jirani amemwonya kwamba atajitafutia matatizo. "Kaka," aliandika, "si ni baiskeli tu?" Nilikaa na maneno hayo manne siku nzima, kwa sababu ndiyo hayo hayo niliyomwambia askari usiku ule wa Novemba 2022, na hayakunisaidia chochote.

Mimi ni mtoto wa Tanga, mji ambao baiskeli ni nyingi kuliko sababu za kugombana. Phoenix ya baba ilibeba unga, ilibeba wagonjwa, ilimbeba mama yangu na mdogo wangu mgongoni, na sikuwahi kusikia askari akimuuliza baba leseni ya kuiendesha. Wazee waliomtangulia walilipia kibati cha baiskeli, lakini kwetu sisi hayo yalikwisha kuwa masimulizi. Kwa hiyo nilipofika New York na kuanza kazi ya kupeleka vyakula majumbani, nilikuwa na dhana moja kichwani: chombo chenye pedali ni baiskeli, na baiskeli haina mwenyewe serikalini.

Niliinunua katika duka moja la Bronx kwa dola 1,100, akiba ya majira ya joto nzima. Ilikuwa na pedali, lakini ilikuwa pia na mkono wa kuzungusha kama wa bodaboda, na ukiuzungusha inakwenda maili 25 kwa saa, yaani kama kilomita 40, bila mguu kufanya kazi yoyote. Muuzaji aliapa kwamba haihitaji leseni, haihitaji namba, haihitaji bima. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, lakini lazima niseme ukweli ingawa bado unaniuma: pale aliposimama, yule bwana hakusema uongo. Jimbo la New York lilihalalisha baiskeli za umeme mwaka 2020 na kuzigawa katika madaraja matatu, na daraja lake la tatu, la maili 25, liliwekwa kwa ajili ya Jiji la New York na wapeleka vyakula wake. Mwendeshaji wa daraja hilo anatakiwa kuvaa helmeti, haruhusiwi kupita kwenye njia ya waenda kwa miguu, basi. Nilifanya kazi miezi mitano bila kuulizwa neno.

Kisha kodi ya nyumba ikapanda, nikahamia ng'ambo ya mto Hudson, katika mji mmoja wa jimbo jirani la New Jersey. Baiskeli niliipakia kwenye gari la rafiki, tukapita chini ya mto kwa dakika chache, tukashuka ng'ambo. Katika dakika hizo chache baiskeli yangu iligeuka pikipiki, na mimi sikuwa na habari.

Askari hakunisimamisha kwa kosa kubwa. Taa yangu ya nyuma ilikuwa imekufa. Aliniomba nishuke, akachuchumaa kando ya gurudumu la nyuma akiwa na tochi mdomoni, akafuta matope kwa kidole gumba kwenye bomba lililo chini ya kiti. Hapo palikuwa na stika ndogo isiyozidi upana wa vidole vitatu, kona moja imebanduka, ambayo mimi sikuwahi kuisoma hata siku moja. Ilikuwa imeandikwa namba ya daraja, mwendo wa maili 25 na nguvu ya mota ya wati 750. Alisimama, akaniomba leseni, karatasi ya usajili na bima. Nikamjibu kwamba hii ni baiskeli tu. Ndani ya mfuko mgongoni mwangu wali na kuku wa mteja vilikuwa vinapoa, na simu ikawa inalia kuniuliza nimefika wapi.

Nilijifunza baadaye, kwa gharama, alichokuwa anakijua yeye. Chini ya sheria ya New Jersey ya mwaka 2019, baiskeli ya umeme isiyozidi maili 20 kwa saa ilihesabiwa pamoja na baiskeli za kawaida, lakini ile inayoweza kuvuka maili 20 hadi 28 kwa nguvu ya mota iliwekwa kundi moja na vipikipiki vidogo, na mwendeshaji akatakiwa awe na leseni, usajili na bima. Leseni yangu ya Tanzania ilikuwa imekwisha muda wake. Niliandikiwa karatasi tatu, baiskeli ikapakiwa kwenye lori la kuvuta magari, nami nikarudi nyumbani kwa miguu na wali wa watu.

Mahakamani nilikwenda mara tatu. Sitasimulia yote. Nitasema tu kwamba ada ya kutunziwa baiskeli yadi, iliyohesabiwa kwa siku, pamoja na faini, vilikaribia bei niliyoinunulia, na nilipokwenda kuikomboa betri ilikuwa imekwisha kabisa.

Kinachowachanganya wengi wetu, na mimi nikiwamo, ni kusikia kwamba "serikali ya Marekani inasema ni baiskeli". Ni kweli ipo sheria ya taifa ya mwaka 2002 inayosema kwamba chombo chenye pedali zinazofanya kazi, chenye mota isiyofika wati 750, kisichofika maili 20 kwa saa kinapokwenda kwa mota peke yake kikiwa kimebeba mtu wa ratili 170, ni baiskeli ya umeme ya mwendo mdogo. (Ratili 170 ni kama kilo 77. Mimi nina kilo 91, kwa hiyo huenda sheria hiyo haikuniwazia kabisa.) Lakini sheria hiyo inahusu usalama wa bidhaa inayouzwa dukani. Nani aendeshe, wapi, akiwa na umri gani na karatasi gani, hayo ni mamlaka ya jimbo, na kila jimbo lina lake.

Majimbo mengi yamefuata mgawanyo ambao California iliupitisha mwaka 2015. Daraja la kwanza mota inakusaidia tu unapokanyaga pedali, na msaada unakatika ukifika maili 20. Daraja la pili lina mkono wa kuzungusha, nalo linaishia maili 20. Daraja la tatu linakusaidia unapokanyaga hadi maili 28, na California yenyewe inataka mwendeshaji wake awe na miaka 16 na avae helmeti hata kama ana mvi. Ukiona mgawanyo huo unaweza kudhani mambo yamekwisha, ila hayajakwisha. Daraja la tatu la New York si daraja la tatu la California. Pennsylvania haitumii madaraja hayo kabisa: inataka mota isizidi wati 750, mwendo usizidi maili 20, uzito usizidi ratili 100, na mwendeshaji asiwe chini ya miaka 16. Hawaii inataka baiskeli isajiliwe kwa dola 30. Ndugu yangu, ukihama jimbo usihamishe mazoea.

Na hata usipohama, sheria inaweza kukuhama. Jiji la New York liliweka kikomo cha maili 15 kwa saa kwa baiskeli za umeme mwezi Oktoba 2025, kwa hiyo baiskeli ile ile iliyouzwa kwa sifa ya maili 25 sasa inaweza kukuponza kwa mwendo ambao muuzaji aliusifia. New Jersey nayo ilitia saini sheria mpya Januari 2026 inayokaza zaidi mambo ya leseni na usajili, kwa hiyo hayo niliyoyaeleza ya mwaka 2019 usiyachukue kama kinga yako leo. Hapa nawaomba vijana wenzangu wa kazi hii, wanaojua bei ya kila betri na jina la kila njia ya mkato, watenge nusu saa kila baada ya miezi michache wasome ukurasa wa idara ya magari ya jimbo lao. Tunaona uvivu kusoma kurasa mbili, halafu tunakesha kulalamika kwamba tunaonewa. Nami nililalamika hivyo hivyo, kwa mwaka mzima.

Suala la betri nalo liguswe. Mwaka 2023 mioto ya betri za lithiamu iliua watu 18 katika Jiji la New York, na tangu Septemba mwaka huo jiji limepiga marufuku kuuza baiskeli za umeme ambazo hazijathibitishwa kwa kiwango cha UL 2849, yaani kipimo cha usalama wa mfumo wa umeme wa baiskeli. Alama hiyo nayo huwa kwenye stika. Sasa nina baiskeli ya daraja la kwanza, nimepiga picha stika yake na kuihifadhi kwenye simu, na wapo vijana watatu wa mtaa wetu ambao hawanunui mpaka wameniita dukani nikainame na tochi yangu. Nafurahi wanaponiita, sitaficha.

Yule mama nilimjibu kwamba Minnesota hairuhusu mtu wa chini ya miaka 15 kuendesha baiskeli ya umeme ya daraja lolote, na nikamwomba ashuke gereji akatazame chini ya kiti. Alinijibu usiku. Stika inasema daraja la tatu, maili 28. Kijana atatimiza miaka 15 mwezi Agosti. Risiti bado anayo, na duka linapokea bidhaa zinazorudishwa ndani ya siku 30. Hiyo ilikuwa siku ya 22.